Simu ni Mpiga Mbiu, si Duka

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyofanywa mbele ya vijana na wazazi mjini Kitale, na kurudiwa Bungoma wiki iliyofuata, baada ya swala ya Alasiri. Yamefupishwa kidogo, na maswali yaliyoulizwa Bungoma yametiwa mwishoni.



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada zangu. Najua saa hizi ni saa za kiu, na wengine wenu akili tayari iko kwenye kaimati. Sitawaweka sana. Nimeombwa niseme juu ya kutangaza biashara ndogo kwa mitandao ya kijamii, yaani Facebook, WhatsApp, TikTok na nduguze, kwa sisi tunaoishi huku bara, mbali na Nairobi na Mombasa. Nimekubali kwa sababu naona vijana wetu wanapoteza pesa, tena pesa ambazo nyumbani zinahitajika.

Tazameni waliokaa hapa. Huyu anauza kuku wa kienyeji kutoka Kiminini. Huyu anashona kanzu. Yule dada anapika sambusa za futari. Mwingine ana asali ya Mlima Elgon. Karibu wote wamenunua data, wamepiga picha, wamezitia mtandaoni, wamepata laiki mia moja, na wakauza kuku wawili. Na mmoja katika hao wawili amenunuliwa na mama yake mzazi. Mnacheka, lakini si ndivyo ilivyo?

Hebu tufanye hesabu ya darasa la tatu. Tuseme kijana anatumia shilingi 50 za data kila siku. Kwa mwezi ni shilingi 1,500. Tuseme faida yake kwa kuku mmoja ni shilingi 100. Basi kila mwezi ni lazima auze kuku 15 ili tu alipe data, kabla hajapata hata shilingi moja ya kupeleka nyumbani. Na ukimuuliza, "Kijana, matangazo yako yamekuletea wateja wangapi?" anakuonyesha idadi ya waliotazama. Mimi sijauliza waliotazama. Nimeuliza walionunua.

Kabla hatujaenda mbali, tukumbuke biashara za sehemu hizi zilivyokuwa zikitangazwa kabla ya simu. Mama anayeuza vitunguu Chwele hakuwa na bango. Siku ya soko ikifika watu walijua, na aliyenunua kitunguu kizuri alimwambia jirani, na jirani akamwambia shemeji yake wa Kimilili. Makanga wa matatu ya Kitale kwenda Webuye alikuwa anajua nani ana ndizi nzuri Kamukuywa na nani ana mahindi makavu Misikhu, na alikuwa anasema njia nzima bila kulipwa. Huko kwetu tunasema mpiga mbiu. Kazi yake ni kuita. Bei, mzani, bidhaa na tabia ya mwenye duka si kazi yake.

Mtandao ni mpiga mbiu huyohuyo, ila sauti yake ni kubwa zaidi. Wengi wetu tumemfanya ndiye duka lenyewe. Tumejaza mbiu, na ukienda nyuma ya mbiu hakuna kitu: simu haipokelewi, bei haijulikani, kuku "wameisha jana".

Nitawapa mfano wa mtu aliyeelewa jambo hili vizuri kuliko wataalamu wengi. Hakuwa mfanyabiashara, alikuwa chifu. Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru. Kuanzia mwaka 2011 hivi alianza kutumia Twitter, ambayo tangu 2023 inaitwa X, kuwasiliana na raia wake. Kondoo akipotea, chifu anaandika. Wezi wakivunja nyumba usiku, chifu anaandika, na majirani wanatoka. Habari zake zilitangazwa mpaka Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2020.

Sasa sikilizeni siri yake. Raia wengi wa pale hawakuwa na simu za intaneti. Walikuwa na mulika mwizi. Lakini siku hizo Twitter iliruhusu mtu ajiandikishe apokee maandishi ya mtu fulani kama SMS ya kawaida, na chifu akawafundisha watu wake kufanya hivyo. Njia hiyo ya SMS baadaye ilifungwa, lakini fikra yake bado iko hai. Aliandika kwa lugha yao, mara nyingi Kiswahili, maneno machache, juu ya kitu kilicho karibu nao ambacho mtu anaweza kuinuka akafanya jambo. Kondoo mwenye rangi fulani amepotea, akionekana aletwe mahali fulani. Chifu hakuwa anatafuta wafuasi wa Nairobi, maana mtu wa Nairobi hawezi kumrudisha kondoo wa Lanet.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Mteja wako yuko umbali gani?

Chukueni barabara yetu. Ukitoka Kitale unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, unafika Webuye, halafu unakata kwenda Bungoma. Dada wa sambusa aliye Kitale, sambusa yake ikifika Webuye imekwisha kuwa baridi, na ikifika Bungoma watu wameshafuturu na wamekwenda Tarawehe. Kwa hiyo soko lake ni nyumba ambazo bodaboda anazifikia kwa dakika kumi. Video yake ikitazamwa na watu elfu kumi, na elfu tisa mia tisa wako Mombasa na Dar es Salaam, amepata nini? Amepata maneno, "Mashallah dada, zinapendeza." Mashallah ni dua, tunaishukuru, lakini haijazi mtungi wa gesi.

Dada huyo anahitaji nyumba arobaini. Nyumba arobaini zenye namba yake ya simu, zinazojua kwamba saa kumi na mbili kasoro robo sambusa iko mlangoni, na kila nyumba ikiagiza mara mbili tu kwa wiki, hiyo ni biashara kamili. Nyumba arobaini anaweza kuzipata kutoka kwa wanaoswali msikiti mmoja, wazazi wa madrasa moja, na wafanyakazi wa ofisi mbili tatu.

Yule wa asali ni mambo mengine. Asali haiozi. Inaweza kutiwa kwenye chupa, ikafungwa vizuri, ikapewa ofisi ya matatu ikafika Eldoret, Nakuru, mpaka Nairobi. Hali kadhalika kahawa iliyokaangwa, maana miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma inatoa kahawa nzuri, na kanzu, na vikoi, na mikoba ya kushona. Huyu ndiye mwenye haki ya kupiga kelele Facebook na TikTok. Na yuko mkulima wa katikati, mwenye gunia hamsini za viazi au kuku mia mbili, ambaye mnunuzi mmoja wa mbali anaweza kumaliza mzigo wote. Kwa watu kama hao nchi hii ina mifano. Mwaka 2013 Joseph Macharia alianzisha Mkulima Young, mahali mtandaoni ambapo vijana wakulima wanaulizana na kutangaza mazao yao, na ilianza kushika moto kwenye ukurasa wa Facebook. Pale mwenye bidhaa anaweka bidhaa, mahali alipo, kiasi na bei. Si picha yake amevaa miwani ya jua kando ya ng'ombe wa jirani.

Basi kabla ya kununua data, jibu kwanza: bidhaa yangu inasafiri au haisafiri?

Tuje kwenye WhatsApp, maana kwa biashara nyingi za hapa hiyo ndiyo yenye kazi. Kuna jambo wengi hawalijui na linawaumiza. Ukiweka picha kwenye hali yako, yaani ile inayofutika baada ya saa 24, anayeiona ni mtu uliyemwandika wewe kwenye simu yako na yeye amekuandika kwenye simu yake. Pande zote mbili. Ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja, orodha moja inachukua mpaka watu 256, lakini unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Asiyekuandika hapati kitu, na wewe hutaambiwa. Kwa hiyo unaweza kutuma kwa watu mia mbili na wakaona thelathini, ukadhani watu wamekukataa. Hawajakukataa. Hawajakuandika.

Ndiyo maana nasema tangazo kubwa la mtu wa Kitale au Bungoma linafanyika ana kwa ana, pale pale mteja anapopokea mzigo. "Mama, niandike kwenye simu yako. Andika 'Sambusa', jina langu utalisahau." Msiliepuke hilo kwa haya. Mama akiandika "Sambusa", siku akikutwa na wageni ataandika s-a-m na wewe ndiye utakayetokea.

Tena iko programu ya WhatsApp Business, ilitoka mwaka 2018, haina malipo. Unaweka bidhaa zako na bei, unaweka saa za kazi, na unaweza kuandika jibu la kujituma lenyewe ukiwa shambani au msikitini. Inatosha kwa mwanzo. Sitaki kijana anayeuza mayai akope pesa kutengenezewa tovuti.

Makundi je? Kundi la WhatsApp la mtaa ni kama baraza. Ukiingia barazani kila saa na kupiga kelele "mayai, mayai", watu watahama. Uliza mwenye kundi siku ya matangazo. Na kundi la msikiti liacheni kwa mambo ya msikiti, jamani. Mtu ametangaza maziko, chini yake viatu vya ofa. Hiyo ni aibu yetu sote.

Neno jingine juu ya hili. Andikeni namba za wateja kwenye daftari, kwa kalamu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwetu ilikuwa tangu magharibi hadi usiku wa manane. Wafanyabiashara ambao duka lao zima lilikuwa ndani ya simu walikaa wakitazamana. Mwenye daftari alipiga simu ya kawaida. Pia simu huibiwa, huanguka majini, na mtoto hufuta vitu. Halafu katika daftari utakuta wateja wenye mulika mwizi, wale ambao hawana WhatsApp kabisa, na mara nyingi ni wazee wanaonunua kila wiki bila kubishana bei. Hao watumie SMS ya kawaida kama chifu Kariuki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa, nalo ni picha.

Sisi ni watu wa mahindi. Hapa Kitale ndipo makao ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956, na kila mkulima aliyekaa hapa anajua uchungu wa kununua mbegu bandia katika pakiti nzuri. Ndiyo maana leo pakiti ya mbegu ina kibandiko cha kukwaruza, unatuma namba kwa SMS unaambiwa kama ni ya kweli. Mwaka 2024 tena tukaona wakulima wa nchi hii wakiuziwa mbolea bandia ndani ya magunia yaliyoandikwa vizuri. Watu wetu wameumwa na nyoka. Mkimwonyesha mtu wa Trans Nzoia picha nzuri, swali la kwanza moyoni mwake ni, "Ndani kuna nini?"

Na sisi Waislamu swali hilo tulishaulizwa zamani. Mnakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Na ikaelezwa kwamba mwenye kudanganya hayuko pamoja nasi katika mwendo huo. Sasa tuulizane, picha ya mtandaoni ni nini kama si juu ya lile lundo? Mteja hana njia ya kuingiza mkono ndani ya simu. Hawezi kugusa, hawezi kunusa, hawezi kupima gorogoro. Anachoweza ni kukuamini wewe.

Kwa hiyo ukipiga picha kuku, piga kuku wako, siyo kuku wa Brazil uliyemtoa mtandaoni. Weka kitu kando yake watu wajue ukubwa. Kama unauza maharagwe kwa gorogoro, piga picha gorogoro lenyewe limejaa, na lionyeshe kitako, maana tunawajua wanaobonyeza kitako ndani. Iko sura nzima ndani ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, yenye jina la wanaopunja vipimo. Kama kanzu ina kasoro kwenye mshono, piga picha kasoro, andika "hii nimepunguza bei kwa sababu hii". Mtaona ajabu. Ile yenye kasoro inauzwa kwanza, na mwenye kuinunua anarudi.

Bei nayo iandikwe. Mtu anauliza bei, anajibiwa "njoo inbox". Kwani bei ni siri ya ndoa? Mteja wa huku anahesabu nauli ya bodaboda kabla ya kuuliza lolote. Usipoandika bei anadhani wewe unatazama uso wake kwanza ndio upange.

Kuna mtindo mwingine umeingia na naona unatisha zaidi, hasa karibu na Idi. Kijana anachukua picha ya nguo kutoka ukurasa wa mtu wa Dubai au Eastleigh, anaiweka kwake, anasema "oda zimefunguliwa, deposit nusu". Nguo hana, na hajui kama ataipata. Anakusanya pesa za watu ishirini, ndipo aanze kutafuta. Akipata, alhamdulillahi. Asipopata, usiku wa kuamkia Idi simu imezimwa, na watoto wa watu wanalia. Wengi wa hawa hawakuanza kwa nia ya utapeli, lakini mama aliyetoa shilingi 1,000 zake haoni tofauti.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Sahaba Hakim bin Hizam alikuwa akijiwa na mtu anayetaka kitu ambacho yeye Hakim hana, na akauliza kama aweze kumuuzia kisha akakinunue sokoni. Mtume (S.A.W.) alimkataza asiuze asichokuwa nacho. Lakini msije mkatoka hapa mkasema kuagiza mapema ni haramu kabisa. Watu wa Madina walikuwa wakilipana mapema kwa ajili ya matunda ya mwaka mmoja au miwili, na Mtume alipofika hakuwavunjia. Aliwaamuru kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam, na pesa yake hulipwa yote mwanzoni. Mambo ya fundi anayepokea malipo ya kwanza ili ashone, wanazuoni wana maelezo yake, na mimi si mufti. Mwendeeni shehe wenu, msinibebeshe. Ninachosema mimi mtu wa biashara ni kwamba ujumbe wako wa oda uwe na vitu vya kujulikana: kitu gani, kipimo gani, bei gani, siku gani, na kama haikupatikana pesa inarudi lini. Andika kabla pesa haijatumwa. Ukishindwa kuandika siku, hiyo oda usiichukue.

Na ninyi wanunuzi, jina linalotokea kwenye M-Pesa mlisome kabla ya kubonyeza. Ukiambiwa muuzaji ni Halima na jina likatoka Peter, uliza. Wauzaji nao, ujumbe wa M-Pesa wa uongo siku hizi unaandikwa na watoto wa shule. Angalia salio ndipo utoe mzigo, hata kama mteja amevaa kofia na anasema "wallahi nimetuma". Mwenye Pochi la Biashara au namba ya till ana faida ya kutenga pesa ya biashara na pesa ya nyumbani, na mwisho wa mwezi anaona kilichoingia bila kukisia.

Neno la picha za watu nalipita haraka. Usimpige picha mteja amekaa anakula hotelini kwako ukaiweka mtandaoni bila idhini yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019. Mwezi wa Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa, na shule moja ikatozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Wewe mwenye kibanda cha chipsi utazitoa wapi? Muulize mtu. Akikataa, piga picha sahani.

Pale Bungoma niliulizwa maswali matatu yanayofaa kuandikwa hapa.

La kwanza liliulizwa na mzee mmoja aliyekaa nyuma. Alisema, "Kijana wangu, mimi nina duka miaka mingi, sijui hayo mambo, na mjukuu wangu ananiambia nitafungwa na mitandao. Ni kweli?" Nilimwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Duka lako halifungwi na mtandao. Litafungwa na duka jipya la pili lenye mtandao na lenye adabu kama yako." Adabu yake ilichukua miaka, vijana hawawezi kuinunua kwa data. Nikamwomba amtume mjukuu apige picha rafu za dukani kila Ijumaa asubuhi, aandike bei za unga, sukari, mafuta na tende, awatumie wateja walio kwenye daftari la mkopo. Mzee akacheka, "Hao wenye deni ndio niwatumie?" Ndiyo, hao. Wamezoea kuja kwako, na ukiwatumia bei za Ijumaa watakumbuka na deni pia bila wewe kulitaja.

Dada mmoja akauliza kama ni lazima auonyeshe uso wake ili watu wanunue, maana ameambiwa video bila uso haiendi. Si lazima. Mikono inayokunja sambusa inatosha, mafuta yanayochemka yanatosha, sauti inayotaja bei inatosha, na asiyetaka sauti aandike maneno. Watu wa Kitale hawali uso wa mtu. Aliyemwambia hivyo anauza vipodozi, na kila biashara ina lake.

Wa tatu alikuwa kijana, naye alikasirika kidogo. Akasema, "Ustadh, unatuambia tubaki wadogo. Wenzetu wa Nairobi wana wafuasi laki moja." Swali zuri, na sikulijibu kwa utani. Nilimwuliza anauza nini. Akasema mayai, trei thelathini kwa wiki. Nikamwuliza, akipata kesho wateja laki moja, kuku wake watataga mangapi? Trei thelathini ni mayai 900. Hoteli tatu za Kanduyi na maduka manne yanayamaliza yote kabla ya Jumatano, bila video hata moja. Anachokihitaji kwanza ni kuku zaidi, na pesa ya kuku zaidi ndiyo hiyo aliyokuwa akiichoma kwa data. Siku atakapofikia trei mia tatu, aende Facebook, atangaze mpaka Webuye na Kimilili, hata alipie tangazo. Facebook inakuruhusu kuchagua mji na umbali wa wanaoliona, basi achague mji wake na siyo Kenya nzima. Alinyamaza, halafu akauliza bei ya vifaranga.

La mwisho ni la wenye oda za Idi, maana siku zimekwenda. Vidakuzi, keki, nguo za watoto: hesabuni leo mikono yenu inaweza kiasi gani, punguzeni kidogo kwa ajili ya stima kupotea na mtu kuugua, na mkishafika kiasi hicho andikeni "oda zimefungwa". Wateja watakaokosa waandikeni kwenye daftari kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Na tarehe ya mwisho ya kupokea oda iwe siku tano kabla ya Idi, kwa sababu zile siku za mwisho ni za kuswali, na hakuna aliye na nguvu ya kubishana na bodaboda saa nane za usiku.

Naona adhana imekaribia. Mwenye swali lililobaki tuonane nje, nitakuwa pale penye viatu.